Dakika ya Arobaini na Moja

Bi Eduvina alinipigia simu tarehe thelathini, saa mbili asubuhi,
siku upepo wa Punta Arenas ulipokuwa ukiwayumbisha watu njiani
hata manispaa ikatufungia kamba kwenye kona, tushikilie.
"Fundi, njoo. Runinga yangu imepata barua."

Nikaenda na bisibisi, na mita, na risasi ya kuchomelea.
Nikakuta kioo kizima, sauti nzima,
na katikati ya kioo kisanduku cha kijivu, adabu tupu:
Baada ya leo programu hii
haitatumika tena kwenye kifaa chako.
Tunakushukuru kwa kuwa nasi.

"Inaumwa nini?"
Haiumwi, bibi. Imezeeka.
"Kwa miaka tisa? Jiko langu lina arobaini na saba
na halijawahi kuniandikia."

Nikaeleza, kama tunavyoeleza sisi mafundi:
huko mbali programu wanaiandika upya kila mara,
inanenepa, na ubongo wa runinga haukui,
ni ule ule uliotoka nao dukani.
Nikamwonyesha dawa, kidude cha kuchomeka nyuma,
urefu wa kidole, peso elfu thelathini na tano:
unaingiza nenosiri, maisha yanaendelea.

Hapo ndipo alipoketi.

Nenosiri alikuwa nalo Baldomero.
Aliliandika mara moja tu, siku runinga ilipoletwa,
mgongo wake mpana kati ya mkewe na kioo,
kisha akaondoka nalo.
Tukajaribu, kwenye simu yangu, jina la mbwa.
Tukajaribu meli aliyoichomelea mwaka wa theluji kubwa.
Tukajaribu siku ya harusi, kwa tarakimu, kwa herufi;
ilipokataa, bibi akatahayari.
Wakasema watatuma namba ya siri kwenye simu ya mwenyewe.
Namba ile sasa ni ya kijana wa Porvenir,
aliyetujibu kwa upole kwamba yeye anauza kaa.

Na mle ndani, chini ya maneno Endelea Kutazama,
picha ndogo ya filamu moja, mstari mwekundu umefika nusu.
Dakika ya arobaini na moja.
Alisinzia hapo. Akajikokota kitandani,
na asubuhi chai ikapoa.
Miaka miwili sasa Bi Eduvina huiwasha runinga,
huutazama mstari ule, huizima.
Wengine huenda makaburini.

Kwenye mkoba wangu hamna chombo cha hilo.

"Keti," akasema. "Bonyeza wewe. Mkono wangu hautaki."

Nikabonyeza. Mwanamume mmoja akamalizia sentensi
aliyoianza miaka miwili iliyopita.
Ilikuwa kichekesho cha mtu aliyerithi punda,
kibovu, Mungu anisamehe, kibovu kwelikweli,
punda mwenyewe hakuonekana kutaka kuwemo.
Tulitazama mpaka majina yakaisha kupanda,
hata ya wapishi, hata ya madereva.
Bi Eduvina akafuta miwani kwa pindo la sweta.
"Kumbe," akasema, "alilala kwa haki yake."

Alitaka kunilipa. Nikasema sijatengeneza kitu.
Akanitilia mfukoni chupa ya jamu
yenye kifuniko cha chupa nyingine, kisichofunga vizuri.
Koti langu linanukia mpaka leo.

Kesho yake nilirudi kuchukua mita niliyoisahau.
Mahali pa ile picha palikuwa na mraba mweusi,
pengo la jino.
Runinga ilikuwa kwenye stesheni ya hapa hapa mjini,
mtangazaji amesimama ufukweni, kashika kofia:
upepo, kilomita mia na kumi kwa saa.
"Hii ya bure," akasema, "bado haijanichoka."
Akanisogezea kiti.
Tukausikia upepo mara mbili,
wa dirishani na wa kwenye kioo,
wa dirishani ukitangulia kidogo.